Makro zapunguza adha ya kujenga violesura kwa lugha ya Rust

KUCHORA dirisha lenye kitufe kimoja na namba moja kwenye skrini ya kompyuta ni kazi ndogo katika lugha nyingi za programu. Katika lugha ya Rust, kazi hiyo hiyo imekuwa ikiwatoa jasho hata waandishi wazoefu, na mojawapo ya njia kuu za kujinasua ni matumizi ya makro.

Rust ilianzishwa mwaka 2006 na Graydon Hoare, wakati huo akiwa mfanyakazi wa Mozilla, baada ya lifti ya jengo alimoishi jijini Vancouver, Kanada, kukwama kutokana na hitilafu ya programu. Ilimbidi apande ngazi hadi ghorofa ya 21. Toleo la 1.0 lilitolewa Mei 2015.

Shabaha ya lugha hiyo ni kuondoa makosa ya matumizi ya kumbukumbu yaliyozoeleka katika lugha za C na C++. Uzito wa makosa hayo si mdogo. Mwaka 2019, kampuni ya Microsoft ilieleza kuwa takriban asilimia 70 ya kasoro za kiusalama inazozirekebisha kila mwaka zinatokana nayo.

Kinga ya Rust ni sheria ya umiliki. Kila kitu kilichomo katika kumbukumbu kina mmiliki mmoja. Wengine wanaweza kukiazima, ama wengi kwa kukisoma tu, ama mmoja kwa kukibadilisha, lakini si yote mawili kwa wakati mmoja. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa maagizo ya mashine, huikataa kazi yoyote inayovunja sheria hiyo.

Kiolesura, yaani sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuibonyeza, hakiingii kirahisi katika sheria hiyo. Namba iliyo kwenye skrini ni mali ya dirisha, lakini kitufe nacho kinataka kuibadilisha kila kinapobonyezwa.

Kwa anayetumia maktaba ya GTK, hali hiyo humlazimu kutengeneza rejeo jingine la namba hiyo na kulikabidhi kwa kitufe. Vitufe vikiwa 20, kazi hurudiwa mara 20. Akikosea, dirisha na kitufe vinaweza kushikana kiasi kwamba hata dirisha likifungwa, kumbukumbu haiachiliwi.

Makro ni nini?

Makro ni agizo fupi ambalo kompaila hulipanua kuwa mistari mingi kabla ya kuendelea na kazi yake. Katika Rust, makro nyingi hutambulika kwa alama ya mshangao mwishoni mwa jina.

Makro si jambo geni, kwani lugha ya C imekuwa nazo tangu miaka ya 1970. Hata hivyo, za C hubadilisha maandishi bila kuyaelewa. Makro ya kuzidisha namba kwa yenyewe, ikiandikwa bila mabano na kupewa 1+2, hutoa 5 badala ya 9, kwa kuwa huandika 1+2*1+2. Makro ya Rust inayopokea hesabu hiyo kama kitu kimoja hutoa 9.

Katika maktaba zinazounganisha Rust na GTK, makro iitwayo clone! humruhusu mwandishi kutaja jina la kitu na kueleza kuwa rejeo lake liwe dhaifu, yaani lisizuie kitu hicho kufutwa. Makro huandika yenyewe mistari ya kutengeneza rejeo na ya kukagua kama kitu bado kipo.

Nyingine huchora umbo zima la kiolesura. Makro view! ya Leptos, rsx! ya Dioxus na html! ya Yew humwezesha mwandishi kupanga sehemu za skrini jinsi zinavyokaa, moja ndani ya nyingine.

Slint, iliyoanzishwa mwaka 2020 na Olivier Goffart na Simon Hausmann, imekwenda mbali zaidi. Ina lugha yake ndogo ya kueleza violesura, ambayo makro slint! huitafsiri kuwa Rust. Jina la sifa likikosewa, kosa hugunduliwa kabla programu haijamfikia mtumiaji.

Gharama zake

Pamoja na nafuu hiyo, makro zina bei. Kosa linapotokea ndani ya mistari iliyozalishwa, ujumbe wa kompaila unaweza kuzungumzia maandishi ambayo mwandishi hakuyaandika. Aidha, muda wa kukusanya programu huongezeka, na anayejifunza hulazimika kuijua Rust pamoja na lugha ndogo ya kila maktaba.

Ndiyo sababu baadhi ya maktaba zimechagua njia nyingine. Maktaba ya egui, kwa mfano, hueleza upya kiolesura kila skrini inapochorwa, kwa maagizo ya kawaida ya Rust.

Jambo la msingi ni kwamba makro haiondoi sheria ya umiliki. Mistari inayozalishwa hukaguliwa na kompaila kama mingine yote, hivyo urahisi wa kuandika hauondoi kinga iliyokusudiwa tangu mwanzo. Kwa anayetaka kujua kilichoandikwa kwa niaba yake, zana iitwayo cargo expand huionyesha mistari hiyo yote.