Kijana hali nyama wala samaki? Nazi ipo, ila kumbuka B12

Kijana akitangaza kwamba hali tena nyama, samaki, mayai wala maziwa, mzazi wa Unguja asihangaike. Jikoni kuna maharage ya nazi, mchicha, kunde, muhogo na ndizi mbichi.

Mtego uko mkahawani. Pilau mara nyingi hupikwa kwa supu ya nyama, chapati huweza kupakwa samli, na urojo huja na yai au mishikaki. Ulizeni kabla ya kuagiza.

Kitu kimoja mboga haziwezi kumpa: vitamini B12, inayohitajika kwa damu na mishipa ya fahamu. Upungufu wake huja polepole. Mpelekeni kwa daktari au mtaalamu wa lishe mapema, ashauriwe kuhusu vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo.