Meza ya Walter Winchell

Walter Winchell, aliyezaliwa New York mwaka 1897 na kuanza maisha akiwa kijana wa kuimba na kucheza jukwaani, hakuwa wa kwanza kuchuma riziki kwa habari za watu, lakini ndiye aliyeutoa umbeya barazani akaufanya bidhaa ya taifa zima. Katika magazeti ya Evening Graphic tangu 1924, kisha Daily Mirror tangu 1929, aliandika nani ana mimba na ndoa ya nani ipo mbioni kuvunjika, mambo ambayo wahariri wa zama zile waliona haya kuyachapa. Hata akafikia kilele ambapo safu yake ilitoka katika magazeti yapatayo 2,000. Tumpe na haki yake: tangu 1933 alimshambulia Hitler bila ajizi, wakati wakubwa wengi wa Marekani wamenyamaza.

Habari hizo hazikuja bure. Mawakala waliolipwa na waigizaji na wenye vilabu ili majina ya wateja wao yatajwe, walimletea siri za watu wengine, naye akawalipa kwa mstari mmoja wa sifa. Na wakala aliyemletea uongo ukamfedhehesha, alitiwa katika orodha ya waliopigwa marufuku, wateja wake wasitajwe tena. Kwa kuwa fedha haikupita mkononi, wengi walidhani hapana rushwa. Mimi naiona ni rushwa tupu, kwani kilicholipwa ni sitara ya mtu wa tatu, asiyekuwapo wala hakuulizwa.

Makao yake yalikuwa meza namba 50 katika Stork Club, ukumbi wa rafiki yake Sherman Billingsley, uliosifiwa mno katika safu ile. Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1951, Josephine Baker, mwimbaji mweusi mzaliwa wa Marekani aliyekuwa raia wa Ufaransa na kuitumikia kwa siri nchi hiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliketi humo na wenzake, akaagiza nyama, akangoja karibu saa nzima isiletwe. Alitoka kwa ghadhabu, akatangaza dhuluma hiyo, na kumlaumu pia Winchell, aliyekuwamo ukumbini usiku huo, kwa kutomtetea. Winchell alijibu kwamba alikwisha kuondoka, na huenda alisema kweli. Lakini yaliyofuata hayana udhuru, kwa maana badala ya kumhoji sahibu yake, alimgeukia aliyedhulumiwa, akamwandika kuwa ana mapenzi na ukomunisti na chuki kwa Wayahudi, na kumtaka J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, amchunguze. Katika siku za seneta McCarthy na msako wake wa wakomunisti, tuhuma kama hizo zilitosha, na mikataba ya Baker ikavunjwa.

Gazeti la New York Post lilipomfichua katika makala mfululizo ya 1952, alimsingizia mhariri wa gazeti hilo, James Wechsler, ukomunisti uleule, hata mwaka 1955 Winchell akalazimika kuyakana maneno yake hadharani. Wechsler alikuwa na gazeti la kumjibia na mawakili wa kumbana. Baker naye alimshtaki Winchell, na kesi yake haikumfikisha popote.