Saa za Rubani na Safari za Dereva wa Nakivale

Katika kazi zote za kuchukua abiria, hakuna iliyowekewa masharti makali ya saa kuliko kazi ya urubani. Rubani wa Ulaya au wa Marekani haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 100 katika muda wa siku 28, wala zaidi ya saa 1,000 katika muda wa miezi 12. Nchini Marekani, kabla ya kuingia zamu, ni lazima apewe saa 10 za mapumziko, na katika hizo apate nafasi ya kulala saa 8 pasipo kuamshwa. Zaidi ya hayo, rubani akitamka kwamba amechoka mno, kampuni haina ruhusa ya kumpeleka angani, hata kama abiria wamekwisha kaa vitini.

Masharti hayo hayakuletwa na huruma ya wenye makampuni. Usiku wa tarehe 12 Februari, 2009, ndege ya kampuni ya Colgan Air ilianguka juu ya nyumba karibu na mji wa Buffalo, nchini Marekani, ikaua watu 50. Wachunguzi walipofuatilia mambo waligundua kwamba rubani mkuu alikuwa ameupitisha usiku wa kuamkia siku hiyo katika chumba cha wafanyakazi pale uwanjani, na msaidizi wake alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka pwani ya magharibi ya nchi ili awahi zamu yake. Ndege ilipopungua kasi na kutoa onyo, rubani mkuu aliuvuta usukani kwake, ilhali ilimpasa ausukume mbele. Wachunguzi walieleza kwamba huenda uchovu uliudhoofisha utendaji wa marubani hao. Jamaa za marehemu hawakunyamaza. Waliwafuata wabunge kwa miaka, na kanuni mpya zikaanza kutumika mwezi Januari, 2014.

Askari hahitaji kufundishwa jambo hili. Aliyewahi kusimama lindo la pili bila ya kulala baada ya lile la kwanza anajua jinsi kichaka kinavyogeuka mtu, na jinsi sauti ya mwenzake inavyomfikia kama itokayo ng'ambo ya mto. Ndiyo sababu jeshini na polisini zamu huandikwa na hukabidhiwa. Swali la makala haya ni juu ya watu ambao zamu yao haiandikwi popote, nao kila siku hupita mbele ya vizuizi vya polisi: madereva wa teksi, wa malori na wa bodaboda baina ya makazi ya Nakivale na mji wa Mbarara.

Makazi ya Nakivale yalianza mwaka 1958, na mwaka 1960 yakatangazwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi, wakati huo yakiwapokea Watutsi kutoka Rwanda. Leo yamo katika Wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005, nayo yana watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Sokoni na kituoni husikika Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha inayowaunganisha watu waliotoka pande zote hizo. Kutoka huko hadi Mbarara ni mwendo wa kilometa 50 na zaidi, sehemu ni barabara ya vumbi na sehemu ni lami. Maharagwe na mahindi hushuka mjini kwa njia hiyo; sabuni, nguo na dawa hupanda kwa njia hiyo hiyo, na wagonjwa wazito hupelekwa hospitali kuu ya Mbarara.

Dereva wa njia hii hana mshahara wa mwezi. Gari ni la tajiri, na kila jioni tajiri hungoja hesabu yake iliyokwisha patanwa; kinachobaki baada ya mafuta na posho ya kondakta ndicho chakula cha watoto. Gari haliondoki mpaka lijae. Basi dereva huamka saa kumi alfajiri ili awe wa kwanza katika foleni, hungoja, huendesha, hungoja tena katika paki ya Mbarara, na safari ya pili humtia usiku. Ikinyesha mvua na barabara ikaharibika, hesabu ya tajiri haipungui kwa sababu ya mvua. Hapo ndipo dereva anapotafuta safari ya tatu, nayo ndiyo hatari kuliko zote. Hakuna wa kumwambia, "Umetosha." Naye mwenyewe akisema amechoka, kuna kijana mwenye leseni anayengojea ufunguo.

Si kwamba sheria haipo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki kuwa kikomo cha kawaida, na hata pale panapokubaliwa kuzidisha, mtu asipite saa 10 kwa siku au 56 kwa wiki. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Inakubali pia mapatano ya mdomo kuwa ni mapatano ya kazi. Tatizo ni kwamba tajiri wa gari hajioni kuwa mwajiri. Atakuambia kwamba yeye amekodisha gari lake tu, na saa za dereva ni shauri la dereva. Maneno hayo husemwa kwa urahisi sana wakati gari linapokwenda salama. Husemwa kwa urahisi zaidi siku linapopinduka. Nchini Tanzania, mamlaka ya usafiri wa ardhini imeanza kuwafunga madereva wa mabasi ya mbali kwa kifaa cha kufuatilia mwendo na kitufe cha utambulisho, ili ijulikane ni nani aliyeshika usukani na kwa muda gani. Kwa teksi za vijijini mambo hayo bado ni ndoto, wala sidhani kwamba ndiyo yanayokosekana kwanza. Kinachokosekana kwanza ni daftari.

Sababu yake inaonekana pale ajali inapokwisha kutokea.

Rubani hupimwa afya na daktari maalumu, aghalabu mara moja kwa mwaka, na wenye umri mkubwa mara mbili. Akigundulika kuwa na kifafa, au macho yakipungua nguvu pasipo tiba, hupoteza haki ya kuruka hata kama anatembea, anakula na kucheka kama jana. Kwa ajili hiyo marubani wengi hukata bima ya kupoteza leseni: bima isiyouliza kama mguu umekatika, bali inayouliza kama mtu anaweza kuifanya tena kazi yake. Vyama vyao hugombana na makampuni juu ya mambo haya bila ya haya. Mwezi Novemba, 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma kwa siku kadhaa, na moja katika madai yao lilikuwa michango ya mfuko wao wa akiba. Mtu anaweza kusema kwamba watu wenye mishahara mikubwa wanalialia, na wapo waliosema hivyo. Lakini jambo walilolishika ni la kila mfanyakazi: mwili ukishindwa, nani atalipa?

Kwa dereva wa Nakivale jibu limo katika Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000. Mfanyakazi aliyeumia kazini hulipwa na mwajiri wake, hata kama ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Ajali iliyompata akiwa njiani moja kwa moja kwenda kazini au kutoka kazini huhesabiwa kuwa ya kazini. Gharama za matibabu ni za mwajiri. Akifa, au akilemaa kabisa asiweze kazi tena, fidia ni mapato yake ya miezi 60. Akilemaa kwa sehemu, hulipwa kwa asilimia ya hayo kulingana na kiungo kilichoharibika. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, hesabu hufanywa kwa miezi 96.

Tuchukue mfano. Dereva alikuwa akibakiwa na shilingi 300,000 kwa mwezi. Miezi 60 ni shilingi milioni 18. Daktari akikadiria ulemavu wake kuwa asilimia 40, haki yake ni shilingi milioni 7 na laki 2. Fedha hizo zinatosha kuanzisha duka au kununua ng'ombe kadhaa. Lakini ni nani atakayethibitisha hizo 300,000? Hakuna karatasi ya mshahara, hakuna orodha ya safari, hakuna sahihi. Tajiri akisema kwamba alikuwa hapati hata laki moja, milioni 7 zinageuka milioni 2 na laki 4 kwa neno moja tu. Rubani hawezi kudhulumiwa kwa njia hiyo, kwa kuwa kila dakika aliyoruka imeandikwa katika kitabu chake na katika kitabu cha kampuni. Daftari la shilingi elfu moja, lenye tarehe, saa ya kuondoka, idadi ya abiria na hesabu iliyopelekwa, lingemfaa dereva kuliko hirizi inayoning'inia kwenye kioo.

Tena kuna wanaodhani kwamba mkimbizi hana haki katika mambo haya. La hasha. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi ya kujipatia riziki. Uganda ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao kifungu chake cha 24 kinataka mkimbizi mwenye kukaa nchini kihalali atendewe sawa na raia katika fidia ya kuumia kazini. Kifungu hicho kinaongeza jambo ambalo wachache wanalijua: mkimbizi akifa kwa ajali ya kazini, haki ya fidia haipotei kwa kuwa mrithi wake yuko nje ya nchi. Mjane aliyeko Bukavu ana haki ile ile aliyo nayo mjane aliyeko Isingiro.

Ama kuhusu askari polisi, kazi yao hapa ni kubwa kuliko wanavyoidhania wengi. Mfanyakazi anatakiwa kumpa mwajiri taarifa ya ajali kwa maandishi mapema iwezekanavyo, na isipite mwezi mmoja. Mtu aliyelala wodini na mguu ukiwa umening'inizwa, asiyejua kusoma, mwenye jamaa waliobaki makazini, hawezi kuliangalia jambo hilo. Aghalabu karatasi ya kwanza yenye jina lake, tarehe na mahali alipoumia ni ile aliyoiandika askari wa usalama barabarani. Askari akiandika "dereva" peke yake, tajiri atakuja kusema kwamba hamjui mtu huyo. Akiandika jina la mwenye gari, na kwamba huyu alikuwa akiliendesha kwa niaba yake, na ameanza kazi saa ngapi siku hiyo, na hiyo ilikuwa safari yake ya ngapi, basi ameweka msingi ambao afisa kazi wa wilaya anaweza kujenga juu yake. Maswali hayo hayachukui dakika tano. Yaulizwe kwa kondakta na kwa abiria pia, kwa maana dereva aliyeumia huogopa kusema kwamba alikuwa hajalala.

Wanajeshi wenyewe wako nje ya sheria hiyo ya mwaka 2000. Imetamka wazi kwamba haiwahusu walio katika utumishi wa jeshi. Mambo yao hupitia pensheni za jeshi na baraza la madaktari, na walioumia vitani wana kituo chao huko Mubende. Lakini raia aliyeajiriwa na jeshi kuendesha lori si mwanajeshi, naye akivunjika mgongo katika barabara ya Isingiro anahesabiwa kama mfanyakazi mwingine yeyote wa Serikali, kwa miezi 60 ile ile na kwa taarifa ya mwezi mmoja ile ile. Afisa aliyempangia safari ndiye mwenye orodha ya zamu, na nakala ya orodha hiyo ipelekwe kwa afisa kazi pamoja na taarifa ya ajali.