Nyimbo za Mungu juu ya shaba



Sisi watu wa miji ya migodi tunaijua shaba. Tumeona namna inatoka mu udongo, namna inapita mu moto, namna inapakiwa na kwenda mbali. Tunajua inafanya waya za umeme na sufuria. Lakini ni wangapi kati yetu wanajua kama zamani shaba ilibeba nyimbo za Mungu?

Mwezi huu tunawapa habari ya vitabu vya nyimbo vya Amerika, wakati nchi ile ilikuwa ingali koloni la Waingereza. Noti za vitabu vile zilikatwa kwa mukono juu ya vipande vya shaba. Ni habari ya mbali na ya zamani. Lakini mutaona kama inagusa kila korali yetu, kwani inatufundisha neno moja: wimbo ulioandikwa unabaki, ule usioandikwa unaweza kufa pamoja na mwenye kuuimba.

KITABU BILA NOTI

Mwaka 1640, ku Cambridge karibu na Boston, mu koloni la Massachusetts, Wakristo walioitwa Wapuritani walichapa kitabu cha Zaburi za kuimba. Ndicho kitabu cha kwanza kuchapwa mu makoloni ya Waingereza ya Amerika ya Kaskazini. Walichapa vitabu 1.700 hivi. Leo vinajulikana 11 tu, na mwaka 2013 kimoja kiliuzwa ku New York kwa dola zaidi ya milioni 14!

Lakini kitabu kile cha samani kubwa hakikuwa na noti hata moja. Maneno yalikuwa mu kitabu, sauti zilikuwa mu kichwa cha watu. Ni mu mwaka 1698 tu walichapa kitabu kile pamoja na sauti 13, zilizokatwa juu ya ubao.

Kanisa ziliimba namna gani? Shemasi alisimama, akasoma ao akaimba mustari moja, watu wakaurudilia. Kisha mustari wa pili, watu wakaurudilia. Njia hii ilisaidia wale wasiojua kusoma na wale wasiokuwa na kitabu. Wengi wetu tunaijua, maana hata kwetu inafanyika vile.

Lakini miaka ilipopita, sauti zikaanza kupotea. Shemasi alisahau kidogo, muzee fulani akaongeza yake, mwingine akavuta sana. Wimbo moja ulikuwa na sura moja mu kanisa hili na sura nyingine mu kanisa la jirani. Mutu akisafiri siku ya Mungu, aliweza kusikia Zaburi anayoijua tangu utoto na asiitambue. Hata ndani ya kanisa moja, kila mutu alikwenda na mwendo wake.

UGOMVI MU KANISA

Karibu na mwaka 1720 wachungaji vijana walisema: «Imetosha. Watu wafundishwe kusoma noti, tuimbe sote pamoja.» Hapo njo ugomvi ulianza.

Wazee wengi walikataa. Walisema njia ya zamani ni nzuri, kwani baba zetu waliimba vile na walifika mbinguni. Walisema majina ya noti ni maneno ya ajabu. Wengine waliogopa kama kuimba kwa noti kutaleta desturi za Kanisa la Roma, ambazo Wapuritani walikuwa wamezikimbia. Na wengine walisema wazi: masomo haya ya kuimba usiku ni njia ya vijana wanaume na wasichana kukutana na kuchelewa kurudi nyumbani!

Musomaji, usicheke haraka. Je, mu parokia yako ao mu paruasi yako hakuna maneno kama haya kati ya wazee na vijana wa korali?

Wachungaji wale hawakushindana kwa kelele tu. Walitengeneza vitabu. Mwaka 1721 vilitoka viwili. Kimoja kilikuwa cha John Tufts, muchungaji wa Newbury. Yeye aliweka juu ya mistari herufi F, S, L, M pahali pa noti, maana yake fa, sol, la, mi. Wale kati yetu wanaosoma solfa ya d, r, m watamuelewa mara moja. Kingine kilikuwa cha Thomas Walter, muchungaji kijana wa Roxbury. Kilichapwa ku Boston kwa James Franklin. Mu nyumba ile ile ya uchapaji, mudogo wake, kijana wa miaka 15, alikuwa anajifunza kazi: ni Benjamin Franklin, ambaye kisha alikuwa mutu mukubwa wa Amerika.

Pole pole kanisa moja moja zilikubali. Mu miji na vijiji walianza masomo ya kuimba. Mwalimu alikuja, akafundisha majuma kazaa wakati wa jioni, vijana na wazazi pamoja, kisha akaenda kijiji kingine. Wanafunzi wale walihitaji vitabu. Na hapa shaba inaingia mu habari yetu.

KAZI YA FUNDI

Wachapaji wa Boston walikuwa na herufi za risasi za kuchapa maneno, lakini hawakuwa na herufi za muziki. Basi walifanya namna hii.

Fundi alichukua kipande cha shaba, akakipiga kwa nyundo mpaka kiwe sawa, akakisugua mpaka king'ae kama kioo. Kisha alichukua chuma kidogo chenye ncha kali, ambacho Wafaransa wanaita burin. Alikisukuma kwa kiganja, na shaba ikatoka mbele yake nyembamba kama unywele. Vile alikata mistari mitano, noti, na hata maneno. Na yote alikata kinyume, toka kuume kwenda kushoto, kwani karatasi itageuza kila kitu. Akikosa noti moja, alipashwa kukwangua pahali pale, kupiga shaba kwa nyuma mpaka ipande, na kukata tena.

Kisha walipaka wino juu ya shaba yote, wakaipanguza kwa kitambaa na kwa mukono. Wino ulibaki mu mifereji tu. Wakaweka karatasi yenye unyevu juu yake, wakapitisha vyote kati ya magogo mawili mazito yaliyozungushwa kwa nguvu za mukono. Karatasi ilifyonza wino, na Zaburi ikaonekana! Wakapaka wino tena, wakaanza tena. Kila ukurasa vile, moja kwa moja.

Kazi ilikuwa ya garama na shaba ni laini: ikichapa sana, mistari inafifia. Lakini ilikuwa na faida. Fundi aliweza kutunza vipande vyake vya shaba mu sanduku, akachapa vitabu vichache wakati wanunuzi walikuja. Sauti ilikuwa imelala pale, ikingojea karatasi.

Mwaka 1764 mafundi wawili wa Boston walitoa kitabu cha sauti 116 za Zaburi. Josiah Flagg alichagua nyimbo, na Paul Revere alisaidia kuzikata juu ya shaba. Revere huyu alikuwa fundi wa feza. Baba yake alizaliwa Ufaransa na jina la Apollos Rivoire, mutoto wa Waprotestanti walioteswa kule, akatumwa Boston kujifunza kazi. Karatasi ya kitabu kile ilitengenezwa mu makoloni, na Flagg aliona vizuri kuwaambia wanunuzi jambo lile.

Na shaba yenyewe? Haikuwa ya kutupa. Mwaka 1767 Revere alikata picha ya shule kubwa ya Harvard juu ya kipande cha shaba. Mwaka 1775, wakati wa vita, alikikata na akatumia mugongo wake kwa kuchapa feza za karatasi za Massachusetts. Makoloni yalikuwa na migodi, kama ule wa Simsbury mu Connecticut, lakini tangu miaka ya 1720 sheria ya Uingereza iliamuru mawe ya shaba yasiuzwe kwa mataifa mengine. Mawe yalikwenda Uingereza, na shaba iliyo safi ilirudi kwa bei. Hatuna lazima ya kuwaeleza nyinyi jambo hili. Ni mu mwaka 1801, nchi ikiwa na uhuru, ndipo Revere, sasa muzee, alifungua ku Canton, mu Massachusetts, kiwanda cha kwanza cha nchi ile cha kupitisha shaba kati ya magogo ya chuma na kuifanya mabati.

FUNDI WA NGOZI

Mu Boston ile ile alikuwa William Billings, aliyezaliwa mwaka 1746. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi za nyama. Hakusoma shule nyingi. Jicho lake moja lilikuwa limekufa, muguu moja mufupi kuliko mwingine, na mukono moja ulikuwa na kilema. Wengi wangemuona kama mutu wa kuhurumiwa tu. Lakini alijifunza muziki mu vitabu vya nyimbo, akafundisha masomo ya kuimba, na akatunga.

Mwaka 1770 alitoa kitabu chake, chenye nyimbo zaidi ya 120, zote za kwake. Ni kitabu cha kwanza cha nyimbo zote za mutungaji moja aliyezaliwa Amerika. Picha ya mbele ilikatwa na Paul Revere: wanaume wameketi kuzunguka meza wanaimba, na mustari wa muziki unawazunguka. Billings alingoja miezi 18 mbele ya kuchapa, kusudi apate karatasi ya Amerika.

Aliomba serikali imulinde, mutu mwingine asichape nyimbo zake bila ruhusa. Mwaka 1772 bunge la Massachusetts lilikubali, lakini guverneri Hutchinson hakutia sahihi. Mwaka 1778 alitoa kitabu cha pili, na mbele yake alikiri bila haya kama si nyimbo zote za kitabu cha kwanza zilikuwa nzuri. Kitabu hiki cha pili kilipendwa sana. Watu wengine wakachukua nyimbo zake, wakaziweka mu vitabu vyao, na yeye hakupata kitu.

Mwaka 1786 Isaiah Thomas wa Worcester alichapa kitabu cha nyimbo kwa herufi za muziki alizonunua Uingereza. Kwa njia hii vitabu vingi vilitoka kwa bei ya chini, na shaba ikaanza kuacha pahali pake. Billings mwenyewe alikufa mwaka 1800, masikini, akazikwa ku Boston pasipo jiwe lenye jina lake. Lakini nyimbo zake zinaimbwa mpaka leo. Kaburi halijulikani, wimbo unajulikana, kwani uliandikwa.

MWANA WA AFRIKA

Tumalize na ndugu yetu. Kijana moja wa Afrika, jina lake Occramar Marycoo, alikamatwa na kuuzwa akiwa na miaka 14 hivi ku Newport, mu koloni la Rhode Island. Bwana aliyemununua aliitwa Gardner, na kijana akaitwa Newport Gardner. Akiwa mutumwa, alijifunza kusoma na kuandika, na akajifunza muziki kwa Andrew Law, mwalimu wa kuimba ambaye naye alitoa vitabu vilivyokatwa juu ya shaba. Kisha yeye mwenyewe akawa mwalimu wa kuimba ku Newport. Mwaka 1791 alipata uhuru. Akawa shemasi, akafundisha watoto weusi. Mu Januari 1826, muzee wa karibu miaka 80, alipanda merikebu ku Boston pamoja na wengine kurudi Afrika. Alifika Liberia, na mwaka ule ule akafa.

Gardner naye alitunga. Wimbo wake moja mukubwa, wenye maneno ya Biblia juu ya ahadi ya Mungu, ulijulikana. Maneno yake yamebaki. Sauti yake imepotea. Mwalimu aliyefundisha wengine kusoma noti, sauti ya wimbo wake haikubaki.

Wapendwa, mu makambi yetu na mu mitaa yetu, ni watungaji wangapi wako vile? Baba moja anarudi kazini na vumbi, usiku Bwana anamupa wimbo. Mama moja anatunga wimbo akienda kuchota maji. Korali inauimba miaka kumi. Kisha baba anakufa, mama anahama, kaye ya mwimbishaji inanyeshewa mvua. Wimbo umekwisha.

Hatuhitaji shaba wala magogo mawili. Kaye na kalamu vinatosha. Vijana, muandike maneno na solfa, muweke jina la mutungaji na mwaka. Mufanye tatu: moja ikae kwa muchungaji, moja kwa mwimbishaji, moja nyumbani kwa mutungaji. Muende kwa wazee, muwaombe waimbe zile za zamani, muziandike mbele ya kuchelewa. Na ukichukua wimbo wa korali nyingine, usifute jina la mwenye kuutunga.

Shaba yetu inakwenda mbali na hatujui inafika wapi. Nyimbo zetu, tuzitunze hapa.