Kamera ya Kwanza ya Kupiga Picha za Maua: Pesa Ziende kwenye Lenzi

Naivasha inajulikana kote duniani kwa waridi, na mnunuzi wa ng'ambo anaweza kuliona ua kwenye picha kabla ya kuliagiza. Hiyo ni kazi ambayo kijana mwenye kamera anaweza kulipwa kuifanya.

Hata hivyo, hana haja ya kumaliza akiba yake kwa kamera ghali. DSLR ya bei ya chini, hata ya mtumba, inatosha. Kabla ya kulipa, aulize imepiga picha ngapi, kisha akague iwapo lenzi ina ukungu au mikwaruzo.

Lenzi ya milimita 18-55 inayouzwa pamoja na kamera hufaa kwa picha ya shamba zima. Petali moja huhitaji lenzi ya makro. Ile ya milimita 90 au 100 humruhusu mpiga picha kukaa mbali kidogo, kivuli chake kisilifunike ua.

Tahadhari: Nikon D3500 haina mota ya kulenga. Lenzi kuukuu isiyo na mota yake italengwa kwa mkono. Kwa hivyo, lenzi ijaribiwe kwenye kamera yenyewe kabla ya pesa kutolewa.