Mende wa Billy Wilder

Billy Wilder, mmoja wa waandishi na waongozaji wakubwa wa filamu za Hollywood, alizaliwa mwaka 1906 katika familia ya Kiyahudi huko Sucha, mji ulioko Poland ya leo. Alianza kazi kama mwandishi wa habari Vienna, kisha Berlin, na huko ndiko alikoingia kwenye filamu. Menschen am Sonntag (1930), ambayo yeye ndiye aliyeiandikia mswada, ilichezwa na watu wa kawaida wasiowahi kuigiza. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, Wilder alikimbilia Paris, akashiriki kuongoza filamu moja, na mwaka 1934 akavuka bahari hadi Marekani.

Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Viza ilipokwisha, ikambidi atoke hadi Mexicali, upande wa Mexico, akaombe kuingia upya. Masaibu hayo hayakupotea bure. Yeye na Charles Brackett waliyatumia katika Hold Back the Dawn (1941), hadithi ya mkimbizi aliyekwama katika hoteli ya mpakani. Kwenye mswada, mkimbizi huyo anamwona mende akipanda ukutani, anamsimamisha na kumdai hati za safari, kama maofisa wanavyomfanyia yeye. Mwigizaji Charles Boyer akagoma kuzungumza na mdudu, na mwongozaji akamkubalia. Wilder alighadhibika, na mwaka uliofuata alikuwa anaongoza mwenyewe. Tumshukuru mende.

Kuandika aliendelea kuandika kwa ubia: na Brackett hadi Sunset Boulevard (1950), kisha na I.A.L. Diamond, mzaliwa wa Romania. The Apartment (1960) ndiyo kazi yao bora. Ofisi ya bima inayoonekana humo kana kwamba haina mwisho ni kiini macho: meza za nyuma zilitengenezwa ndogo, zikakaliwa na watu wafupi. Filamu hiyo ilimpa Wilder tuzo 3 za Oscar kwa usiku mmoja.

Ulaya, ambako Wanazi walimuua mama yake, alirudi mara kadhaa kikazi. Mwaka 1961 alikuwa Berlin akipiga One, Two, Three, filamu ya vichekesho, ukuta wa kuugawa mji huo ulipojengwa ghafla mwezi Agosti. Lango la Brandenburg likawa halifikiki, ikabidi lijengwe la bandia mjini Munich. Filamu ilipotoka, watazamaji hawakuwa na hamu ya kuicheka Berlin.

Aliongoza mara ya mwisho mwaka 1981, na alifariki Beverly Hills mwaka 2002 akiwa na miaka 95.