Mtazamo wa Mwanachama na Mazoea ya Kuushughulisha Mwili



Mtu wa Kinole akiulizwa kama hufanya mazoezi ya mwili, mara nyingi hujibu kwamba hayo ni mambo ya watu wa mjini. Ajabu ni kwamba huenda jibu hilo akalitoa punde tu baada ya kutua mkungu wa ndizi alioushusha kwenye mteremko ambao mgeni huupanda akihema. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima aushughulishe mwili kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma, wala halibagui kati ya uwanja wa mpira na shamba la pilipili manga: kulima, kubeba na kutembea vyote vinahesabiwa.

Je, pana tofauti gani mtu akijua kwamba kazi yake ni zoezi? Mwaka 2007 wataalamu wawili wa Marekani, Alia Crum na Ellen Langer, walichapisha uchunguzi juu ya wanawake 84 waliokuwa wakisafisha vyumba katika hoteli saba. Baadhi yao walielezwa kwamba kutandika vitanda na kusafisha sakafu ni zoezi la kutosha. Wengine hawakuelezwa hivyo. Baada ya majuma manne, wale walioelezwa walikuwa wamepungua uzito kidogo na shinikizo lao la damu limeshuka, ingawa wenyewe walisema mwenendo wao haukubadilika. Yafaa tuwe na tahadhari: huenda waliongeza bidii pasipo kujitambua, na majuma manne ni muda mfupi. Lakini hata kama ni hivyo, kilichowasukuma ni kule kujua.

Pana pia suala la mahali akili inapoelekezwa. Wataalamu wa Ujerumani walionyesha mwaka 2009 kwamba wakimbiaji walipotazama mazingira yao walitumia hewa kidogo zaidi kuliko walipozingatia pumzi au miguu yao. Jambo hili halitamshangaza apandaye Uluguru huku akizungumza na wenzake, macho yake yakiwa kwenye kona iliyo mbele.

Hata hivyo mazoea hayajengwi kwa amri. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955 wananchi waliukataa mpango huo kwa ghasia, nao ukaachwa. Wachimbaji walikuwa watu wale wale waliozoea jembe tangu utotoni! Kinyume chake, katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili nchini walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao wenyewe.

Kwa maoni yetu, wanaohitaji mjadala wa namna hiyo leo si wakulima tu, bali hasa sisi tunaokaa ofisini. Katibu huletwa kwa pikipiki, hukaa na madaftari hadi jioni, kisha hurudishwa kwa pikipiki. Naye akijiona bado ni mtu wa mlimani, hadhani kwamba amepungukiwa na chochote. Pikipiki hatuzilaumu. Shingo ya mama haikuumbwa iwe gari la mizigo, na mazao yafikayo sokoni mapema huleta bei nzuri. Ila mwendo uliookolewa na pikipiki haurudi wenyewe. Lazima mtu auone kwanza kwamba umetoweka.

Jambo hili laweza kuingizwa katika ajenda za mkutano wa wanachama, baada ya taarifa ya mazao, na mganga wa zahanati aalikwe aje na kipimo chake. Mwenye shinikizo la juu la damu asidhani kwamba mtazamo mwema utachukua nafasi ya dawa alizoandikiwa. Na pale Katibu anapotakiwa kukagua ghala au kumwona mwanachama mgonjwa katika kitongoji cha jirani, aende kwa miguu.